Mwalimu na sindano ya tatu

Mwalimu aliingia akiwa keshajiamulia. Nilipomwamkia alijibu marahaba, akakaa kwa kuegemea kalio la kushoto, akafungua pochi na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, sikuja kufanyishwa mazoezi. Nisomee hii, uniambie nichome ipi." Kwa mwandiko uleule wa ubaoni, upande mmoja alikuwa ameandika "steroidi (tena)", ile sindano ya kuzima uvimbe, upande wa pili "PRP", sindano ya plazma ya damu ya mgonjwa mwenyewe, na chini ya PRP bei aliyotajiwa, ameipigia mistari miwili kwa wino mwekundu. Bei hiyo ilizidi mshahara wake wa mwezi. Binti yake aliyeko Dar alishasema atalipa.

Ana miaka 57, anafundisha shule ya msingi hapa Tanga, na ana kisukari cha muda mrefu anachokimudu kwa metformini. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Ameniruhusu kukiandika kisa chake kwa sharti moja, nisiseme alikuwa mbishi. Basi sisemi.

Maumivu yalimwanza mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya siku hiyo, aliporudi kutoka msibani Lushoto, siku tatu za kupanda na kushuka vilima. Yalikaa ubavuni mwa nyonga ya kulia, pale mfuko wa pembeni wa suruali unapokaa, yakishuka kwa nje ya paja hadi karibu na goti. Mchana yalivumilika. Usiku ndio ulikuwa kesi: akilala upande wa kulia anaumia, akigeukia kushoto anaumia, akilala chali mgongo unagoma. Alichuliwa kwa mafuta ya moto, akameza diklofenaki, mmoja akamwambia ni baridi yabisi, mwingine akasema ni mshipa wa mgongo umebanwa. Mwishowe akachomwa sindano ya steroidi papo hapo panapouma.

"Ile ya kwanza ilikuwa muujiza," alisema. Wiki sita alilala kama mtoto. Maumivu yakarudi, na miezi minne baada ya ile ya kwanza akachomwa ya pili. Hiyo ilimpa wiki tatu tu, ikapandisha sukari yake hadi 17 (milimoli kwa lita) kwa siku tano, na miezi miwili baadaye ngozi ya pale ikabaki na doa jeupe la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, limebonyea kidogo katikati.

Doa hilo nililitazama kwa muda. Steroidi ikibaki juu juu, ndani ya mafuta ya chini ya ngozi, hula rangi ya ngozi na kuyayeyusha mafuta yenyewe. Kwa mama mwenye nyonga nene, sindano ya kawaida ya sentimita nne inaweza kuishia njiani. Kwa hiyo huenda sindano ya pili haikufika ilikotumwa. Wala sisemi dawa ni kuchoma kwa kuongozwa na mashine tu: mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwagawa wagonjwa 65, wengine wakachomwa kwa kuongozwa na eksirei, wengine kwa kupapasa kwa kidole, na matokeo hayakutofautiana. Ila mwili wa mtu mmoja si wastani wa watu 65.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, sichomi sindano. Wagonjwa huniita daktari. Nikiwasahihisha wanacheka na kuendelea. Anayechoma ni daktari wa mifupa ninayefanya naye kazi, na yote yanayofuata tuliyaamua wawili, watatu ukimhesabu mwalimu.

Kuna swali ambalo watu huliruka wanapolinganisha sindano, nalo ni kama panapochomwa ndipo penye tatizo. Nilimwomba avue kiatu na soksi ya kulia kisha avae tena. Alifanya kama msichana, mguu juu ya goti, bila kukunja uso. Mtu ambaye kiungo chenyewe cha nyonga kimelika hapo hukwama, na maumivu yake mara nyingi hukaa kinenani. Nilipobonyeza kinundu cha mfupa wa paja aliruka. Kisha nikamsimamisha kwa mguu wa kulia peke yake, ncha za vidole zikigusa ukuta, macho yangu kwenye saa. Sekunde ya 12 akasema, "Hapo hapo!" na kiuno kikainamia kushoto. Kipimo hicho kinatakiwa kifike sekunde 30. Kumwinua mguu akiwa amelala chali hakukuamsha maumivu ya mgongo wala ganzi. Eksirei ya kiungo ilikuwa safi.

Nilimuuliza pia kuhusu kuanguka, kupungua uzito, saratani na selimundu. Siulizi kwa mazoea. Nyonga inayomuuma mwenye selimundu ni habari nyingine kabisa, kwani kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakufa kwa kukosa damu wakati sisi tunapapasa ubavuni.

Ultrasaundi ilionyesha kano ya msuli wa kati wa kalio imenenepa na kupoteza ile mistari yake iliyonyooka, lakini haijakatika. Kwenye kifuko cha ute kilichokaa juu yake kulikuwa na maji kiasi cha kusema yapo. Barua aliyokuja nayo ilisema kifuko hicho ndicho kilichovimba. Jina hilo la zamani, uvimbe wa kifuko, bado linatembea na wagonjwa wengi, ingawa mwaka 2013 zilichapishwa picha za ultrasaundi za watu 877 wenye maumivu haya, na takriban 80 kati ya kila 100 hawakuwa na kifuko kilichovimba. Karibu nusu walikuwa na kano zilizochakaa. Kosa la jina si dogo. Ukiamini una kifuko kilichowaka, utatafuta cha kukizima. Ukijua una kano iliyochoka, swali lako la kwanza litakuwa nani anaichosha.

Aliyewahi kuteka maji kwenye kisima chenye ukingo wa zege anajua kamba inapokatikia. Haikatikii kwenye ndoo, hukatikia pale inapopinda juu ya ukingo, siku baada ya siku. Kano hizi nazo hupinda juu ya kinundu cha mfupa wa paja. Kila goti linapovuka kwenda ndani, kuelekea mguu wa pili, utando mgumu wa nje ya paja huzikandamiza kwenye mfupa. Wanaopata shida hii zaidi ni wanawake wa kati ya miaka 40 na 60, na nyonga pana inadhaniwa kuwa sehemu ya sababu.

Nikamwambia, "Mwalimu, niandikie kitu kwenye kabati lile, kama ubao." Alichukua kalamu akasimama. Uzito wote ukaenda mguu wa kulia, nyonga ikatoka nje kama mpini wa kikombe, goti la kushoto likalegea. Aliandika tarehe. "Umesimama hivyo miaka mingapi?" Akageuka, akajitazama. "Thelathini na moja." Madaftari husahihisha akiwa amekunja nne. Bodaboda hupanda kwa kukaa upande, magoti yamebanana. Akilala kushoto, mguu wa kulia huvuka na kudondokea godoro. Na kila asubuhi alikuwa akifanya zoezi alilofundishwa mahali fulani, la kulala chali na kulivuta goti livuke kifua kwenda bega la pili "kunyoosha mshipa". Zoezi hilo ni kuikaza kamba juu ya ukingo kwa makusudi. Sina pa kumlaumu mtu, maana nimelifundisha mwenyewe kwa miaka.

Turudi kwenye karatasi yake.

Steroidi ina haki ya kusifiwa inapostahili. Uholanzi, utafiti uliochapishwa 2011 uliwafuata watu 120: baada ya miezi mitatu asilimia 55 ya waliochomwa walikuwa wamepona, dhidi ya asilimia 34 ya wale waliopewa huduma ya kawaida. Baada ya mwaka ilikuwa 61 kwa 60. Yaani mbio walianza pamoja na kumaliza pamoja, mmoja alitangulia tu katikati. Utafiti mwingine wa 2009, wa watu 229, unalionyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Mwezi wa kwanza, sindano ilifanikiwa kwa asilimia 75 na mazoezi ya nyumbani kwa asilimia 7. Saba! Ukikutana na mgonjwa wa mazoezi mwezi huo atakuambia umemwibia hela. Mwezi wa 15, mazoezi yalikuwa yamefika asilimia 80 na sindano imeshuka hadi 48. Watu hawakugawanywa kwa kura katika utafiti ule, kwa hiyo siuegemei peke yake, lakini umbo la hadithi linafanana na la mwalimu: muujiza, kisha deni.

PRP ni jambo lingine. Mgonjwa hutolewa damu yake mwenyewe, ikazungushwa kwenye mashine mpaka itengane matabaka, kisha hunyonywa ile plazma iliyojaa chembe sahani, zile za kugandisha damu, na kuchomwa kwenye kano kwa kuongozwa na ultrasaundi. Nia ni kuiamsha kano ijijenge, kwa hiyo siku za mwanzo huuma zaidi, na vidonge vya aina ya diklofenaki huzuiwa kabla na baada. Haipandishi sukari kama steroidi, na kwa mwalimu hilo lilikuwa na uzito. Australia, mwaka 2018, watu 80 waliokuwa na maumivu kwa zaidi ya miezi minne waligawanywa kwa kura, nusu steroidi na nusu PRP, sindano moja kila mtu. Kwenye wiki ya 12 kundi la PRP lilikuwa na wastani wa alama 74 kati ya 100 za hali ya nyonga, la steroidi 67. Walipofuatiliwa hadi miaka miwili, nafuu ya PRP ilikuwa bado ipo, na wengi wa waliochomwa steroidi walikuwa wameomba kuhamia upande wa pili. Ukisoma hapo tu, unampigia binti simu atume hela.

Lakini mwaka mmoja baadaye ulitoka utafiti mdogo uliolinganisha PRP na maji ya chumvi, na tofauti haikuonekana. Na steroidi nayo ilipowekwa mbele ya sindano ya maji ya chumvi huko Uswisi, mwaka huohuo wa 2019, haikushinda. Kuishinda steroidi kwenye mwezi wa tatu si kazi ngumu kama inavyosikika, kwa sababu ndio wakati ambao steroidi inachoka yenyewe. Hivyo ndivyo ninavyozisoma takwimu hizi: PRP inaweza kuwa nzuri kwa kano sugu, na sehemu ya uzuri wake inatokana na mpinzani aliyechaguliwa.

Zipo nyingine, za maji ya glukosi na za asidi ya haialuroni. Ushahidi wake kwa nyonga hii ni mwembamba na hazikuwa kwenye karatasi, nikaziacha.

Nikamwomba kalamu yake nyekundu, nikachora mstari wa tatu wima upande wa kulia. Juu yake nikaandika "ubao, kitanda, kiti". Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

Mstari huo una utafiti wake pia, na ndio ninaouamini zaidi kuliko yote: watu 204 wa Brisbane na Melbourne, uliochapishwa 2018. Kundi moja lilifundishwa namna ya kuiepusha kano na mkandamizo na kufanya mazoezi, vipindi 14 ndani ya wiki nane. La pili lilichomwa steroidi moja kwa ultrasaundi. La tatu liliambiwa lisubiri. Wiki ya nane waliosema wamepata nafuu ya kweli walikuwa asilimia 77, 58 na 29. Baada ya mwaka, 79, 58 na 52. Hiyo 52 ya mwisho hatupendi kuitaja, si watu wa sindano, si sisi wa mazoezi. Nusu ya waliosubiri tu nao walipata nafuu. Nikamwambia mwalimu hivyohivyo, kwa sababu mtu anayetaka kutoa mshahara wa mwezi ana haki ya kujua.

Steroidi ya tatu tuliifuta siku hiyo, kwa sababu ya sukari, doa, kipimo cha nafuu kilichoshuka kutoka wiki sita hadi tatu, na kano ambayo dawa hiyo ikirudiwarudiwa huidhoofisha. Daktari aliongeza jambo ambalo halikumhusu mwalimu lakini chumba cha sindano hulisahau. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir akichomwa triamsinoloni, mojawapo ya steroidi hizi, ini hushindwa kuiondoa mwilini, na sindano moja ya nyonga inaweza kumvimbisha uso na kuzizimisha tezi zake za juu ya figo kwa miezi. Swali hilo huulizwa faraghani, kabla dawa haijavutwa kwenye bomba. PRP hatukuifuta. Tuliiwekea tarehe, wiki 12 mbele.

Jioni binti akapiga simu. "Kaka, samahani, yaani mama ahangaike na mazoezi wakati hela ipo?" Nilimjibu kwamba hela haiozi. Hata hiyo PRP akichomwa leo, kesho atasimama kwenye ubao uleule kwa nyonga ileile.

Usiku ndio tulioanza nao. Mto mnene kati ya magoti hadi kwenye vifundo, ili mguu wa juu usidondoke, na blanketi lililokunjwa juu ya godoro upande wa kulia. Zoezi la kuvuta goti likafa. Badala yake alilala chali, magoti yamekunjwa, kanga imefungwa kuzunguka mapaja, akawa anaisukuma kanga kwa nje taratibu bila mapaja kusogea, sekunde 30 hadi 40, mara nne, asubuhi na jioni. Linaonekana zoezi la kudharauliwa, na alilidharau. Baadaye tuliongeza kuinua kiuno, kukaa na kuinuka kwenye kiti polepole, kwenda upande, kupanda ngazi moja. Kanuni ya maumivu ilikuwa hii: yafike tano kati ya kumi wakati wa zoezi ikibidi, ila asubuhi yake yasizidi ya jana.

Wiki ya tano ilituangusha. Alisimamia mitihani siku mbili mfululizo, kwa miguu, akizunguka kati ya madawati na kusimama kwa nyonga moja kila alipochoka. Saa nne usiku akanipigia. "Mwanangu, mimi kesho nachoma. Popote." Sikuwa na jibu zuri. Angekuwa hana kisukari, na angekuwa amechomwa mara moja tu zamani, ningemwambia achome: sindano moja, kwa ultrasaundi, impe wiki sita za usingizi tuzitumie kumjenga. Siipingi steroidi kama dirisha. Naipinga inapogeuzwa nyumba. Kwake tulipunguza mazoezi hadi yale ya kanga tu kwa siku kumi, akameza parasetamo, akaniona adui. Siku ya kumi na moja alituma ujumbe wa neno moja: "Nimelala."

Wiki ya 12 alisimama kwa mguu wa kulia sekunde 30, maumivu mawili kati ya kumi, kiuno hakikuinama. Akadai nimzidishie muda, akafika 38. Tarehe ya PRP ikapita bila mtu kuitaja mpaka binti alipouliza.

Sasa ni mwezi wa sita tangu siku ile. Fundi seremala wa mtaani kwao amemtengenezea kigoda kirefu cha kuegemea ubaoni, na anasema darasa la tano wanakigombania akitoka. Upande wa kushoto analala hadi alfajiri. Upande wa kulia hazidishi muda wa saa mbili. Bodaboda bado inamuuma, na kukaa kwa kupanua miguu amekataa katakata, akasema yapo mambo ambayo hata nyonga haiwezi kumlazimisha. Doa jeupe halijarudi rangi.

Wiki iliyopita alikuja na karatasi ileile, imechakaa kwenye mikunjo. Kwenye mstari wangu wa tatu ameweka vema kubwa. "Steroidi (tena)" ameikata kwa mkasi. Penye PRP ameweka alama ya kuuliza, na chini ya ile bei, kwa wino mwekundu, ameandika "Desemba". Hela iko kwa binti.